Mahema Kwenye Boma la Zamani

Newala,
mwisho wa kiangazi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo Mama. Nakuamkia kutoka huku kusini, ambako jua likichomoza tu limeshakasirika. Goti lako linasemaje? Baridi ya Rhotia imepungua, au bado asubuhi mnatoka nje na ukungu haumwachi mtu aone ng'ombe wake? Mimi ni mzima. Nakula, nalala, sina ugonjwa ila ule wa kukumbuka nyumbani, na dawa ya huo haiuzwi dukani, hata kama maduka ya siku hizi yangekuwa na kitu.

Wewe Damiano mdogo wangu, unayemsomea Mama, soma polepole. Ukifika mahali nilipokutaja usiruke. Mama, ukimwona amenyamaza ghafla, mwambie arudie mstari huo.

Barua yenu imenifikia ikiwa imechakaa, maana ilipitia Mtwara kwanza, ikakaa huko, ndipo dereva wetu akaniletea. Niliisomea mlangoni mwa hema. Ndiyo, bado nalala hemani. Sisi watu wa kupima maji hatuna nyumba. Tunaomba kiwanja kwenye shamba la mtu, tunapiga mahema, kazi ikiisha tunang'oa vigingi tunakwenda kwa mwingine. Marehemu Baba angekuwepo angecheka mpaka akohoe: mtoto wake aliyekuwa akiwaonyesha Wazungu mahali pa kupiga hema, leo naye anaomba aonyeshwe.

Nimeelewa habari ya yule bwana wa Arusha. Anasema mpaka wa Kenya umefunguliwa, malori ya watalii yameanza tena kupita kwenda Kreta ya Ngorongoro, naye anautaka uwanja wetu wa mbele uwe wa mahema. Atazungusha ua, atachimba choo, atalipa kila mwezi. Sharti lake ni moja tu, ng'ombe wahame. Boma lipelekwe ng'ambo ya korongo kwa baba mdogo, kwa kuwa wageni wake hawapendi harufu ya samadi. Damiano ameandika kwa herufi kubwa kwamba nyumba inahitaji mabati. Halafu chini kabisa, Mama, umemwambia aandike, "Tumeona tumwulize mkubwa. Akisema ndiyo, ni ndiyo." Maneno hayo machache nimeyasoma mara nyingi kuliko barua yote.

Neno langu mtalipata. Lakini kwanza niacheni nikumbuke kidogo, maana tangu nisome ile barua kichwa changu kimehamia Rhotia, kimeniacha huku na mwili peke yake.

Unalikumbuka lile lori la kwanza, Mama? Ilikuwa masika, barabara imekuwa utelezi, lori likashindwa kupanda kilima pale chini ya kanisa. Wakashuka vijana wa Kizungu, wanaume kwa wanawake, wamejaa matope mpaka masikioni, wakaja moja kwa moja hadi mlangoni kwetu bila kusimama pembeni na kuita kama watu. Baba alishangaa. Alisema mtu anayefika mlangoni bila kuita, ama amefiwa ama ni ndugu. Dereva wao, Mkikuyu mmoja mwenye koti refu, akaeleza kwamba wanaomba mahali pa kupiga mahema mpaka barabara ikauke.

Hapo ndipo Baba alipofanya lile jambo tulilolicheka miaka yote. Wewe unajua sisi tunavyohamisha boma. Ng'ombe wakilala mahali mwaka mzima wanahamishwa, na pale walipolala ndipo panapopandwa mahindi, panazaa kuliko shamba lote. Mwaka ule boma lilikuwa limehamishwa juzijuzi, na pale pa zamani palikuwa pamekauka juu, laini, pamesawazika, hapana hata jiwe. Palikuwa mahali pazuri kuliko pote tulipokuwa napo. Baba akawapa hapo. Akapafagia mwenyewe kwa matawi. Dada Paskalina alimnong'oneza kuwa pana viroboto, Baba akamjibu kwamba mgeni halazwi juu ya mawe.

Basi mvua ikanyesha. Asubuhi tukawakuta wote wamekaa juu ya turubai la lori, wanajikuna. Yale mahema mazuri ya rangi yalikuwa yanaelea kwenye uji wa samadi. Baba alisimama na fimbo yake, nikamwona uso umemshuka. Alidhani wameidharau zawadi yake. Yule msichana wa nywele nyekundu akashuka, akapandisha suruali na kumwonyesha miguu, na miguu yote ilikuwa vipele. Baba akaitazama. Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini penye matope, na yule msichana naye akaketi kando yake akicheka bila kujua kinachochekwa ni nini.

Wewe ulichemsha maji, Mama. Ukawaingiza ndani wakaoga mmoja mmoja, ukawalaza upande wa ndama, na harufu waliyoikimbia nje wakaikuta ndani inawasubiri. Wakalala fofofo. Barabara ilichelewa kukauka, na kama wahenga walivyosema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ukawapa majembe kweli. Unakumbuka walivyopalilia maharage? Magugu waliyaacha, maharage wakayang'oa, na wewe ulikuwa ukipita nyuma yao unapanda upya huku unawasifu kwamba wanafanya vizuri sana.

Siku ya kuondoka dereva alimwuliza Baba, kwa niaba yao, ni kitu gani wafanye kumshukuru mwenyeji. Nilikuwa nimesimama hapo hapo, Damiano akiwa amening'inia kwenye shati langu. Baba akaelekeza fimbo bomani akasema, "Mwenyeji hapa ni ng'ombe. Sisi na ninyi sote ametukaribisha yeye."

Wakaenda kuambizana huko Nairobi. Malori yaliyofuata yalikuwa yakifika, kabla ya kuuliza maji wala mayai, wanauliza ng'ombe walilala wapi mwaka jana, ili wapige mahema kwingine. Baba akawapandia ile mikaratusi wapate kivuli. Nami nilipenda asubuhi zile kuliko kitu chochote. Ukungu unashuka kutoka msitu wa Ngorongoro, moshi unatoka juu ya paa, halafu lango la boma linafunguliwa, ng'ombe wanapita katikati ya mahema taratibu wakikwepa kamba. Wazungu wanatoa vichwa nje, nywele zimesimama, na kila mmoja anamwamkia ng'ombe kwa Kiswahili chake kibovu. Damiano wakati huo alikuwa akikimbia mbele kuwaonyesha njia, anajikwaa kwenye kila kamba. Mpaka ulipofungwa malori yakakoma. Uwanja ukabaki na nyasi. Nikamaliza shule, Baba akatutoka, nami nikaja huku.

Sasa nikuambie habari ya hapa, kisha utaelewa kwa nini nimezunguka hivi.

Tumepiga mahema kwenye mikorosho ya mama mmoja mjane, anaitwa Bibi Somoe. Nchi hii ya juu maji hayapo. Wanawake wanashuka bondeni mbali kuyafuata, na mwenye akili anakinga ya mvua na kuyafunika. Siku tuliyofika, Bibi Somoe alifunua akiba yake akatupa maji ya kunywa, ya kupikia, hata ya kunawa miguu. Mimi nilikunywa huku naona aibu, maana mimi ndiye niliyetumwa kumpa yeye maji. Ananiita mwanangu. Ugali wake ni wa muhogo, mweupe, unavutika, na nimeuzoea ingawa nauota wetu wa mahindi na maziwa mgando.

Alikuwa na mbuzi waliolala barazani kwake. Mkubwa wetu wa kazi, mtu mzuri tu wala hana makuu, akalalamika kwamba mbuzi wananuka na wanatafuna kamba. Akamwomba Bibi awapeleke mahali pengine kwa muda. Bibi Somoe hakubisha. Angebishaje, sisi ni wageni? Jioni ile ile akawaswaga mpaka kwa shemeji yake, kijiji cha pili. Tukapata hewa safi. Tukashukuru.

Lakini mimi, Mama, naamka mapema, ulinizoesha wewe. Nikawa namwona kila alfajiri anatoka, anafagia baraza pale mbuzi walipokuwa wakilala, na hapakuwa na cha kufagiwa. Kisha anasimama na ufagio. Hapiki, haimbi, na siku za mwanzo alikuwa akiimba. Mchana anashika njia kwenda kwa shemeji, anarudi jua limeinama. Nikamwuliza kama anaumwa. Akanijibu, "Mwanangu, nilizoea kuamshwa na wale wanyama. Sasa naamka mwenyewe, na sijui naamkia nini."

Mama, maneno hayo yalinichoma. Nilikuwa na barua yenu mfukoni, sijaijibu, na niseme kweli nilikuwa naelekea kusema ndiyo kwa sababu ya mabati. Nikamwona Bibi Somoe na ufagio wake, nikakuona wewe. Nikakuona unatoka asubuhi na kibuyu cha kukamulia, unafika uani, unakuta mahema ya watu na ua wa mtu, na ng'ombe wako wanalia ng'ambo ya korongo, na goti hilo haliwezi kushuka na kupanda korongo kila siku. Hungesema kitu. Ungenyamaza tu, kama ulivyonyamaza kwenye barua, ukaniachia mimi. Nimekufahamu. Mtu anayetaka jambo halisemi hivyo.

Nikaenda kwa mkubwa wetu, nikamwomba tuhamishe mahema sisi. Akaguna, akakubali. Tukahamia upande wa pili wa mikorosho, nami nikafuatana na Bibi Somoe kuwachukua mbuzi. Jana beberu wake amekula kamba ya hema langu na sabuni yangu ya mwisho. Sabuni, Mama, wakati huu wa shida! Bibi ameniomba radhi huku anacheka, na asubuhi hii ameimba.

Kwa hiyo neno langu ni hili. Damiano, lisome kwa sauti. Ng'ombe wasihame. Mwambie yule bwana wa Arusha kwamba wageni wake tunawakaribisha, mahema yakae chini ya mikaratusi kama zamani, choo achimbe, na maji tutasaidiana. Ila lango la boma ni lile lile, na ng'ombe watapita katikati asubuhi na jioni. Mwambie lile neno la Baba, nani ni mwenyeji pale. Akikubali, heri. Akikataa, barabara ya kwenda Karatu ni ndefu, atapata uwanja kwa mwingine, na wala tusimchukie. Mabati tutayatafuta, mdogo wangu. Najua paa linavuja upande wako wa kulala, sikucheki. Lakini wewe na mimi tumekulia chini ya paa hilo la udongo pamoja na ndama, na nyumbani ni nyumbani ingawa pangoni.

Mama, kama nimekosea, kama kweli ulikuwa unataka kupumzika kazi ya mifugo, niambie waziwazi, nami nitameza maneno yangu. Ng'ombe ni wako. Ila usiniambie kupitia kwa Damiano akiwa ameshika kalamu. Mwite Paskalina aandike.

Nisalimie dada Paskalina, na mumewe fundi, na mwambie yale ya viroboto alisema kweli. Nisalimie baba mdogo wa ng'ambo ya korongo, mwambie asiwe amekwisha kujenga boma jipya. Nisalimie jirani yetu mama Anna aliyekuwa akiwauzia Wazungu mayai, na katekista wetu, na rafiki wa Baba yule Mmasai aliyekuwa akishuka na asali kutoka msituni, kama bado anapita. Bibi Somoe anakusalimu. Anasema amekusikia sana kwangu na anataka kujua unawaitaje ng'ombe wako wakichelewa kurudi. Nilimwitia ile sauti yako, mbuzi wake wakatawanyika.

Likizo nimeahidiwa baada ya masika. Nitakuja na hema langu. Nitasimama pembeni niite kwanza, kama mtu aliyelelewa. Msinitandikie kitanda, na Damiano asihame chumbani. Nionyesheni tu mahali ng'ombe walipolala mwaka jana, nipige hema papo hapo. Viroboto wakianza kuniuma, nitajua nimefika kwetu.

Ni mimi mwanao wa kwanza,
Lohay