Hatukufiwa, ni Wimbo wa Kwanza Tu

Juru, kambi ya Nakivale, Uganda

Mama yangu mpenzi,

Mbele ya yote: mimi Furaha, binti yako, ni mzima. Ninakula, ninalima, barua hii nimeiandika kwa mkono wangu, ona herufi zinavyoanguka upande. Anayekusomea arudie hapo mara mbili.

Sasa nikusalimie vizuri. Jambo Mama, magoti yanasemaje? Jambo kwa Baba mdogo Samweli na kifua chake. Jambo kwa kaka Elia na mke wake, na yule mtoto wao ambaye sijamuona bado, ameanza kutembea? Jambo kwa dada Mapendo, na mama jirani wa ng'ambo ya mto, bado anauza mihogo? Sisi huku tuko. Mvua ilichelewa, lakini maharagwe yameonekana kidogo. Neema mjukuu wako amenipita kimo.

Ni juu ya Neema ninaandika. Korali yetu ya kanisa imeimba albamu, nyimbo nane, kwenye studio moja huko Mbarara, fasi ya Kakiika. Kuimba tulimaliza vizuri. Shida ilikuja kwa kuzipanga.

Kwangu mimi, Mama, albamu nzuri ni kama mgeni mwenye adabu. Anabisha hodi, anasalimia, anapewa kiti, ndiyo anatoa shida yake, halafu anaaga. Ukiiweka unachambua maharagwe, unamaliza ungo mzima bila kutamani kuruka wimbo hata mmoja. Bwana wa studio haoni hivyo. Alitanguliza wimbo wa kilio, ule ambao kwetu mtoto wa marehemu anaanza na wengine tunaitikia. Na anayeanza mule ni Neema, juu ya sauti yake, inapanda kupita zote.

Nikamwambia, "Bwana, huu hauwezi kufungua. Nyumbani watauliza nani amekufa."

Akacheka. "Nyabo, mama, watu ya simu nasikiza ya kwanza tu. Hii iko mzuri sana. Wakianza, hawaachi."

"Kweli hawataacha. Watalia mpaka asubuhi!"

Rais wa korali, Mzee Bahati, akaingia kati: "Mama Neema, acha woga. Uzuri wa albamu ni sauti, na hizi ziko safi."

"Na mama yangu akisikia Neema anaanza kilio, atasema sauti iko safi?"

Mzee akamgeukia bwana wa studio. Mwisho wakakubali kupanga upya. Lakini kumbe Jeremi, yule mwuza vitenge wa kwetu, alikuwa amekwisha kutia nyimbo ndani ya simu yake, kwa mpango ule wa kwanza, akaondoka nazo kurudi huko Fizi. Tangu hapo usingizi umenikimbia. Namba ya Elia haipiti, ndiyo maana barua hii nimempa mama mmoja anayerudi huko.

Ninakuona, Mama. Mtu anakuwekea simu sikioni, Neema anaanza peke yake, na wewe unasema basi, Furaha wangu amekwenda. Na moyo wako huo, ambao daktari alisema usishtuliwe!

Ninakuomba. Kama haujasikia, usisikilize ule wa kwanza. Kama umesikia, na mumekwisha kutandika mikeka nje, muikunje. Baba mdogo asinyoe kichwa. Halafu Jeremi akutilie wimbo wa sita, ule wa shukrani. Kwenye kiitikio wamama wote wanaingia pamoja, ila mmoja anachelewa kidogo. Bwana wa studio alitaka kuiondoa sauti ile. Nikamwambia aiache, kuna mtu anaijua.

Ni wewe. Hata shambani ulikuwa unanigombeza: "Furaha, wenzako wamekwisha kufika!"

Sikiliza pale, Mama. Halafu mutume neno mbiyo, kwa simu ya jirani, kwa mtu wa njia, kwa yeyote. Lisiwe refu. Mseme tu: amesikia.

Mtoto wako anayechelewa, lakini yuko,
Furaha, Mama Neema