Kesho Nasaini Tena kwa Ajili ya Minza

Jumatano, Ilemela.

Mvua haijakatika tangu asubuhi, nepi hazikauki, na mimi nina hasira. Bora niandike kabla sijamjibu mtu vibaya.

Mwanangu Minza ana miezi mitatu. Alizaliwa na mgongo wazi, akafanyiwa upasuaji wa kuufunga angali mchanga kabisa. Baba yake alikuwa ziwani, kwa hiyo aliyesaini ni mimi. Mgongo umepona vizuri. Lakini siku hizi kichwa kinakua kuliko mwili, utosi umevimba, na macho yanaelekea chini, hata nikimchekesha hanitazami usoni.

Jana mama mkwe alikuja kutoka Kisesa. Nikamwamkia, akaitikia, akamvua mtoto kofia.

"Si niliwaambia? Mmeziba mgongo, maji yamekosa pa kutokea, yamepanda kichwani. Sasa mnataka mkampasue na kichwa?"

Iliniuma, maana hata mimi nilikuwa nimeshawaza hivyo.

Leo kliniki nimemuuliza daktari vilevile, bila aibu. Hakucheka. Alisema ubongo wa kila mtu hutengeneza maji ya kuulinda, kisha maji hayo hushuka na kunyonywa na mwili. Kwa watoto wengi wenye mgongo wazi njia hiyo imebana tangu tumboni mwa mama. Kidonda cha Minza kilikuwa kinavujisha kidogo, ndiyo maana kichwa hakikuonekana mapema. Lakini kingeachwa wazi, vijidudu vingepanda hadi kwenye ubongo, na huenda leo nisingekuwa na mtoto wa kubeba.

Kumbe bibi yake aliona sawa, ila alielewa nusu.

Nusu hiyo ingeniulia mtoto.

Kesho wanataka kumwekea mpira mwembamba chini ya ngozi, utoe maji kichwani uyapeleke tumboni. Daktari hakunificha kitu. Mpira hauondoi ugonjwa, na unaweza kuziba au kuingiwa na vijidudu. Nikiona homa, kutapika au usingizi usio wa kawaida, nisikae nyumbani nikidhani ni malaria, nimrudishe hospitali haraka. Miguu nayo huenda isipate nguvu. Nimelia pale nje kwenye benchi, watu wakipita, kisha nikafuta kamasi nikapanda bodaboda.

Jioni nimemweleza mama mkwe kila kitu. Amesikiliza hadi mwisho, halafu akasema tumsubiri baba Minza, yeye ndiye mwenye mtoto. Baba Minza yuko visiwani kwenye dagaa na simu yake haipatikani. Atarudi Jumamosi, Mungu akipenda. Nami nimeambiwa wazi kwamba maji yale yanaukandamiza ubongo kila siku, hayamsubiri mtu.

Nikamwambia, "Mama, nakuheshimu sana. Ila kesho asubuhi nampeleka. Ukikubali twende wote, unishikie mtoto nikisaini."

Amemchukua Minza akaingia naye chumba cha pili. Namsikia akimbembeleza kwa Kisukuma. Najua anampenda. Najua anaogopa kisu, na mimi nakiogopa kuliko yeye.

Sijui kama atakuja. Nitakwenda hata peke yangu. Lawama nimeshazizoea, wakitaka kunilaumu tena, wanilaumu Minza akiwa hai.