Farasi Wako Hakuwa Mazishini

Baba,

Nakuandikia juu ya Sajini, farasi wako. Yako mengi ya kukuambia, ila hayo mengine yanaweza kungoja. Hili la Sajini limenikaa moyoni tangu turudi kutoka kukuzika, na lilifika mahali ambapo ilinibidi niamue: nimuuze au nisimuuze.

Kwanza nikutoe wasiwasi. Mzima. Anakula kama kawaida yake, yaani kama mtu aliyealikwa harusi ya tajiri. Carol mwenye zizi anamtoa nje asubuhi na kumrudisha jioni, na fundi wa kwato alikuja akasema ule mguu wa nyuma hauna tatizo. Shida haikuwa yeye. Shida ilikuwa sisi uliotuachia.

Unanijua mimi na farasi. Nimelelewa kambini, binti wa askari wa farasi, baba anayetoka kazini akinukia tandiko, na mpaka leo mnyama yule akinisogelea narudi nyuma. Ulikuwa ukinicheka. Ulisema, "Nesi haogopi damu ya watu, anaogopa pumzi ya farasi." Ulilisema mbele ya wageni, tena zaidi ya mara moja.

Nakumbuka ulivyompata. Ulikuwa umekaa na mimi na mwanangu Neema hapa Etobicoke, Toronto, karibu mwaka mzima, ghorofa ya tisa, ukiyatazama magari kule chini kana kwamba umepangiwa zamu ya kuyalinda. Ulijua nani amebadilisha gurudumu. Ulijua nani amelala nje. Halafu kanisa likaandaa pikiniki huko juu, kupita Richmond Hill, na tulipofika penye ua wa farasi ukaniambia nisimame. Nikadhani unaumwa. Ukashuka na viatu vyako vya kanisani, ukaingia kwenye nyasi zilizolowa, ukaenda moja kwa moja kwa yule wa rangi ya kahawa ambaye mwenyewe alihama akamwacha. Pikiniki tuliifikia watu wakiosha sufuria.

Baada ya hapo ukawa mtu wa huko. Siku za wiki ulipanda mabasi na Carol akakuchukua kituoni. Jumamosi nilikupeleka mimi, wewe na Neema, nikawaachia chakula na kukimbilia kazini. Ukamwita Sajini kwa sababu wewe ulistaafu koplo, na ulisema mtu hawezi kuzeeka vizuri kama hana mkubwa wa kumpigia saluti. Siku Carol alipokukabidhi rasmi, ulivaa tai.

Sasa nikueleze mazishi. Tulikurudisha nyumbani, ukalazwa kando ya kaburi la Mama. Baba Mdogo Ochieng' alisimamia kila kitu kwa ile sauti yake, watu wa kijiji cha pili wakapata maelekezo bila kuuliza. Alisema wewe ni mwenye boma, huwezi kuzikwa kama mpangaji, lazima ifanywe tero buru, ng'ombe waje wakuomboleze. Lakini wewe uliuza ng'ombe wako wote ulipokuja Kanada. Ikabidi tuazime. Tukapata wa jirani na wa mwalimu mkuu, vijana wakashika matawi, wakawaswaga mpaka mtoni na kurudi wakiimba, vumbi likapanda, wakapita katikati ya boma hadi karibu na kaburi. Nililia siku ile kuliko siku yenyewe uliyotuacha.

Tuliporudi Toronto, Sajini alikuwa pale pale. Kumweka farasi si kama kumweka paka. Nilianza kuchukua zamu za Jumapili ili kumlipia zizi, na Jumapili ndiyo siku pekee Neema ananiona mezani. Yeye naye ana shule, na bila wewe hawezi kufika kule mwenyewe. Sajini akawa anasimama tu. Carol aliniambia kwa upole kwamba farasi wa umri ule akikaa bila kutembezwa, viungo vinakauka.

Kisha akapatikana mtu. Mama mmoja kutoka upande wa Barrie, ana shamba dogo, binti, na farasi mwingine mzee anayehitaji mwenzake. Walikuja wakamtazama. Binti hakumkimbilia, alisimama kando, akamngoja Sajini aje mwenyewe. Walikuwa watu wazuri, na hilo ndilo lililoniudhi. Wangekuwa watu wabaya ningekataa nikaenda zangu nyumbani. Nikawaomba wiki moja.

Ukweli ni huu, Baba. Sajini akiwa pale, nawe uko pale. Jumamosi nikifumbua macho, kabla akili haijakaa sawa, najua uko wapi: uko kwa farasi, umevaa ile kofia mbaya, unamlaumu mtu kuhusu nyasi kavu. Sajini akienda, hakuna mahali Toronto nzima ambapo naweza kudhani upo. Hilo sikumwambia mtu.

Nilimweleza Neema habari za wale wa Barrie. Unamjua mjukuu wako: unamsemesha Kiswahili, anakujibu Kiingereza. Aliniangalia akasema, "He's Babu's. You can't sell people's stuff just because they can't say no." Eti Sajini ni wa Babu, na mali ya mtu haiuzwi kwa sababu tu mwenyewe hawezi kukataa. Akaingia chumbani. Miaka kumi na minne, na ananiachia maneno kama wakili.

Nikapeleka jambo kwa ukoo, kwenye simu ya WhatsApp ya Jumapili. Kosa langu hilo. Mdogo wangu Otieno wa Dallas alisema uza, tena akalisema akiwa anaegesha gari. Shangazi akauliza kama anakamuliwa. Mtu mwingine, sitamtaja, akauliza ana kilo ngapi. Baba Mdogo alikuwa kimya, jambo lililonitia hofu, maana huyo akinyamaza anajaza bunduki.

Mwishowe akauliza, "Huyo mnyama aliletwa kwenye maombolezo?"

Nikamwambia, Baba Mdogo, farasi yuko Kanada.

"Najua yuko wapi. Nauliza kama aliletwa."

Akaendelea. Kwa hiyo eti tulimlilia ndugu yake kwa ng'ombe wa watu, na mnyama wake mwenyewe, wa mkono wake, hajui kitu mpaka leo, anasimama huko kwenye baridi akidhani bwana wake amechelewa basi. Akanilaumu mimi, akamlaumu Otieno, akalaumu ndege na mtandao. Halafu akatoa neno lake: asiuzwe kabla hajaambiwa. Akishaambiwa, kuuza au kutouza ni juu yangu, kwa kuwa mimi ndiye mkubwa kati ya wanao na ndiye ninayelipa.

Nilipokata simu nilicheka. Kisha nikakumbuka wale ng'ombe wa mwalimu mkuu, wanyama ambao hukuwahi kuwapa hata tone la maji, wakizungushwa kwenye kaburi lako, nikaona mzee ana hoja.

Kwa desturi, kumzungusha mnyama wa maombolezo ni kazi ya wanaume, nami sina mwanamume karibu. Nikampigia Jared wa kanisani, yule wa lori la mizigo. Nilitegemea anicheke. Akauliza tu ni saa ngapi. Alikuja na Ken, anayefanya mambo ya kompyuta, na wengine wawili. Ken amezaliwa na kukulia Nairobi, hajawahi kuswaga hata kuku. Walikata matawi kwenye miti iliyo nyuma ya zizi baada ya kuomba ruhusa, maana hapa hata tawi lina mwenyewe. Carol alikubali kila kitu ila moja: tusipige kelele, kuna farasi jike mwenye mimba. Nadhani, Baba, sisi ndio watu wa kwanza duniani kufanya tero buru kwa kunong'ona.

Jared alishika kamba akavuta. Sajini akamtazama kama alivyokuwa akimtazama daktari. Hakusogea hata kwato. Ken akajaribu, hivyo hivyo. Wakaanza kushauriana kwa Kijaluo, na hapo Neema akapita katikati yao akachukua kamba, na Sajini akamfuata. Desturi haisemi hivyo. Jared alikuna kichwa, akasema, "Ai, hii ni Canada, twende tu." Wakajipanga nyuma ya mjukuu wako, wanaume wanne wamebeba matawi, wakiimba kwa sauti ya chini wimbo ambao nusu yao hawajui maneno yake, wakazunguka lile shamba hadi getini na kurudi.

Katikati ya safari Sajini aligeuza shingo akala tawi la Jared. Kisha la Ken. Tulipofika zizini hapakuwa na tawi hata moja la kuombolezea. Jared alikaa chini kwenye ndoo akicheka mpaka akafuta machozi, na mimi nikacheka, na nilipomwangalia Neema alikuwa anacheka pia. Ilikuwa mara ya kwanza tangu uondoke sisi wawili kucheka jambo moja.

Ikabaki kumwambia. Wote wakanitazama mimi. Nilisogea, Baba, nilisogea karibu kuliko nilivyowahi kumsogelea, nikafungua mdomo. Unajua kazi yangu. Nimekaa na familia za watu, nimewashika mikono, nimewaambia. Maneno ninayo. Siku hiyo hayakuja.

Neema akanisogeza kando. Akakivuta kichwa cha Sajini chini, akamshika masikio yote mawili kama ulivyokuwa ukifanya, akamwambia kwa Kiswahili:

"Sajini. Babu amekufa. Hatakuja tena. Usingoje kwa geti. Wewe hukufanya kitu mbaya."

Sijawahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo mfululizo. Sikujua anayo. Nikaelewa kwamba Jumamosi zote zile mlipokuwa nyinyi watatu, hapakuwa na Kiingereza. Na nikaelewa kwamba mimi na watu wazima wenzangu tulikuwa tumemwambia mtoto kuwa umepumzika, umelala, umeitwa na Bwana, na hakuna hata mmoja wetu aliyemwambia hilo la mwisho, kwamba hakufanya kitu kibaya. Ni yeye uliyekuwa naye asubuhi ile ulipoanguka. Nilimvuta kwangu palepale mbele ya wanaume wale, nikamwambia yeye hilo hilo, kwa jina lake. Sajini alipuliza pua, akaendelea kutafuna.

Nilimtazama vizuri. Alikuwa sawa. Aliwanusa Jared na Ken mifukoni, akapangusa pua kwenye koti la Carol. Hakuwa akikungoja, Baba. Alikuwa akingoja mtu yeyote mwenye mkono na nafasi ya kumtembeza. Aliyekuwa akikungoja ni mimi, na nilikuwa nimemfunga mnyama wa watu pale zizini ili anisaidie kungoja.

Garini Neema alichambua nyasi kavu kwenye sweta yake mpaka tukakaribia nyumbani. Kisha akasema Barrie si mbali hivyo, na kwamba yule msichana alisimama vizuri, alisimama kama ulivyomfundisha yeye kusimama. Nikamwambia uamuzi ni wangu, asiubebe. Akasema anajua, anasema tu.

Basi nimemuuza. Nakuambia wazi ili usije ukasikia kwa Baba Mdogo. Walikuja na trela siku ya Ijumaa. Nilidhani kutakuwa na kazi, lakini alipanda mwenyewe, makalio yakawa ya mwisho kuingia, na Carol akalia kuliko sisi. Yule binti alimuuliza Neema anasemeshwa vipi. Neema akamfundisha "simama", "twende" na "pole pole", akamrudisha mara tatu kwenye "pole pole" mpaka akaridhika.

Jumamosi yake niliamka sina pa kwenda. Nikachukua nguo za kufua. Kwenye lifti nikakutana na yule mama Mpolandi wa ghorofa ya kumi na moja, aliyekuwa akikuletea keki ya jibini ukimsifia kwa Kiswahili naye akielewa. Alikuwa amekwenda kukaa kwa mwanawe muda wote huu, hakuna aliyempa habari. Akauliza kama alivyozoea, baba yuko kwa farasi? Nikamwambia hapana, baba yangu amekufa. Ndiyo mara ya kwanza nimelisema neno hilo, Baba, neno lenyewe, katika jengo hili. Aliniachia mkoba wake nimshikie, akanikumbatia, tukateremka wote mpaka chini, na akakaa nami kwenye mashine hadi nguo zikakauka.

Nakuaga sasa, kwa kuwa siku ile sikukuaga; nilipokufikia nilikuwa nesi, nikakupima mapigo badala ya kukushika mkono. Kwaheri, Baba. Desemba tunakuja. Neema ameomba aachwe peke yake kaburini aongee nawe, na nimekubali. Nakuahidi nitakaa mbali, na nikisikia chochote, Kiswahili chake sitakisahihisha.

Binti yako,
Akinyi