Ngoja Feni Inyamaze

Mwalimu Guyo,

Mashine yako imewaka tena. Nimeitia diski mpya, ikawaka bila taabu, ila haikujui hata kidogo.

Ulinifundisha kazi kwenye hii saiba yako, hili duka la kompyuta karibu na soko la mifugo, na miaka yote mitatu nilikucheka. Kila jioni uliandika amri ya kuizima kwa vidole viwili, shutdown now, kisha ukangoja umekunja mikono. "Hata mashine inaagwa, Kendi. Wacha feni inyamaze ndio uguse swichi." Mimi nilikuita mzee wa pole pole.

Siku uliyokufa, simu ilinikuta hapa dukani. Ndugu yako alisema unazikwa kabla ya alasiri. Mashine ilikuwa bado inahifadhi zile hadithi za Kiborana ulizomrekodia binti yako Talaso, ulipojua hutamwona akimaliza shule. Ilitaka dakika moja tu. Niling'oa waya ukutani nikakimbia.

Nikakimbilia nini? Mimi Mmeru wa kanisani, nimekula Idd zenu zote, nikasahau kwamba kwenu mwanamke haendi makaburini. Nilikalishwa na akina mama, nikapewa chai. Sikukuona. Niliua sauti yako ili niwahi mahali ambapo nisingeingia.

Fundi wa Meru alinirudishia diski ya zamani akitikisa kichwa; hakuna alichookoa. Nina hasira nawe pia, Mwalimu. Mtu mwenye akili zako anawekaje sauti yake mahali pamoja tu? Basi, nimesema. Lakini mkono uliong'oa waya ni wangu.

Talaso hupita kila akitoka shule kuulizia sauti ya babake. "Anti Kendi, Abba ako tayari?" Nimemdanganya kwamba stima ilipotea ikaharibu mashine, na fundi bado anatengeneza. Jana alikuja na spika za masikioni, mpya, bado ziko kwenye karatasi. Akaniomba nimwekee, asije akazipoteza. Nilizipokea. Nilishindwa hata kumwangalia.

Sasa hivi nimeandika amri yako, na mistari hii naimalizia kwa kalamu nikingoja. Talaso amefika, amesimama mlangoni na begi lake la shule. Nakuahidi, feni ikinyamaza nitamwambia haikuwa stima. Nitamwambia ni mimi.

Kwaheri, Mwalimu wangu. Imenyamaza.

Kendi