Karatasi Iliyokosekana Ukutani

3 Desemba

Baba mpendwa,

Shikamoo. Habari za nyumbani? Magoti yanaendeleaje, na Mama hajambo? Mimi mzima, ila hapa kiwandani kwetu kwa ramani hatupumui. Likizo ya mwisho wa mwaka ikikaribia, wenzako wenye ugonjwa wa kupenda mawe hukumbukwa na ndugu zao, na ndugu wote wanataka zawadi ileile: ramani ya miamba, iviringwe vizuri, ifungwe utepe. Jana mama mmoja alimnunulia mumewe ramani ya milima mizima kwa sharti kwamba aache kulaza mawe kitandani. Nikamwambia atasubiri sana, mimi baba yangu namjua.

Mimi bado nakagua kingo. Mwamba, mto au njia ikifika mwisho wa karatasi moja, lazima iendelee palepale kwenye karatasi ya jirani. Kazi uliyonifundisha wewe, na sasa nalipwa kwa ubishi wako.

Haya, zamu yako. Mwaka jana nilikutumia bonde la kusini. Mwaka huu unataka karatasi ipi? Chagua mapema, zinakwisha.

Binti yako,
Kifutio


11 Desemba

Mwanangu Kifutio,

Marahaba. Sisi hatujambo, magoti yanalalamika kama kawaida yao. Mama yako anakusalimu, anasema ule vizuri, usidanganye tumbo kwa chai.

Zawadi zako zote nimezibandika ukuta wa sebuleni, ukingo kwa ukingo, mwamba unatoka huku unaingia kule. Miaka yote niliyofundisha sikuwahi kuwa na ukuta mzuri hivi. Lakini katikati pana pengo la karatasi moja, chokaa tupu, na kila mgeni huliuliza. Unajua ni karatasi gani. Umenizungusha sana, ukinitumia majirani zake tu. Mwaka huu naitaka hiyo.

Baba yako


16 Desemba

Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama, na haitakuudhi sana.

Hiyo sikutumii. Ndiyo karatasi yenye ule mgodi wa zamani uliomla Kaka. Aliingia na nyundo yake kuokota mawe, dari ikaporomoka, maji yakajaa, na hajatolewa mpaka leo. Eneo likafungwa, sisi hatukuwahi hata kupakanyaga. Mwenzangu mmoja alipita huko mwaka huu kupima. Anasema kingo za shimo bado zinamong'onyoka, na sehemu ya uzio imelala chini. Nikikupa ramani utakwenda, na ukifika utataka kuchungulia. Sina kaka mwingine, Baba, na sina baba mwingine.

Nimekuwekea ya nyanda za juu. Ina rangi nzuri kuliko zote. Nikubalie.

Kifutio


20 Desemba

Mwanangu,

Marahaba. Mwili haujambo. Moyo ndio nakuandikia habari zake.

Sitakuficha: pengo lile linagonga. Unakumbuka tulivyokuwa tukienda porini kutafuta mawe, mimi, wewe na kaka yako. Mtu akipotelea nyuma ya mwamba, anagonga jiwe kwa nyundo mara mbili, na mwenzake anamjibu mara moja, basi kila mmoja anajua mwenzake yupo. Sasa nasikia mbili. Si ndotoni, nasikia mchana kweupe nikiwa na kikombe mkononi. Namjibu moja kwa kijiko, naye anagonga tena, kana kwamba sauti yangu haimfikii.

Mama yako hasikii kitu. Amehamishia kiti chake jikoni, anasema hawezi kukaa chumba kimoja na mtu anayezungumza na ukuta.

Nitakwenda kumjibu hukohuko aliko. Ukininyima ramani, nitakwenda kwa kuulizauliza.

Baba yako


23 Desemba

Baba,

Shikamoo. Poleni, wewe na Mama.

Umeshinda. Karatasi nimeituma leo. Mgodi ni pale penye alama ya nyundo mbili zilizopishana, kwenye kilima kidogo kando ya barabara kuu. Usiende peke yako, na usiende mbali na barabara. Nakutakieni likizo njema.

Kifutio


9 Januari

Mwanangu,

Marahaba, na heri ya mwaka mpya. Hatujambo sote, na safari hii nasema kweli.

Zawadi ilifika, nikaibandika, ukuta umetimia. Kisha jirani yetu, fundi magari, akanipeleka. Nilikuta kilima kizuri, nyasi fupi, upepo mwingi, shimo hata dalili. Nikakaa juu ya jiwe, nikagonga moja, kwa nguvu zangu zote. Kisha nikalia. Fundi alijifanya anakagua matairi, Mungu ambariki.

Ukuta umenyamaza. Mama yako amerudisha kiti sebuleni, na juzi aliniuliza kukoje huko. Miaka yote hii hajawahi kutaka kujua, na sasa anataka kwenda. Tumemwagiza mchonga mawe atuandalie jiwe lenye jina la kaka yako, tulisimamishe pale. Tunakungoja wewe useme lini utapata ruhusa.

Baba yako


17 Januari

Baba,

Shikamoo. Sijui nikuulize vipi habari zako baada ya hili.

Msisimamishe jiwe. Kaka hayupo pale. Karatasi uliyonayo niliichora upya mwenyewe, moja tu, yako. Nilifuta alama ya mgodi nikaihamishia kwenye kilima kisicho na hatari, na njia iendayo shimoni nikaifuta yote. Mgodi wenyewe uko ng'ambo ya bonde. Niliogopa, Baba. Nilikuona ukiinama kwenye ule ukingo kila nilipofumba macho.

Ningeweza kunyamaza kama ungekuwa unakwenda wewe tu. Lakini Mama akilia, asilie juu ya nyasi tupu kwa sababu yangu. Nijibu, hata kama ni kunitukana.

Binti yako


8 Februari

Baba,

Shikamoo. Sijapata jibu. Kila barua zikigawiwa hapa kazini nasimama kama mwanafunzi anayengoja matokeo. Mama anaumwa? Wewe unaumwa? Andika hata neno moja.

Binti yako


25 Februari

Mwanangu Kifutio,

Marahaba. Hatuumwi. Sikukawia kwa hasira. Nilikuwa natafuta namna ya kukuuliza jambo moja.

Kwanza, nilijua. Nilijua siku ileile nilipoibandika. Kwenye karatasi ya jirani kuna njia inafika mpaka ukingoni, halafu kwenye yako haina mwenzake. Wewe, mkaguzi wa kingo! Nilicheka peke yangu, kisha nikakaa chini, kwa sababu nilielewa: binti yangu amemhamisha kaka yake ili baba yake asianguke. Basi nikaenda uliponituma. Mama yako nimemweleza yote. Alinuna siku mbili, kisha akasema palepale panatosha, angalau panakalika. Jiwe tumelisimamisha wiki iliyopita. Hatukukungoja, tulihofia ungekuja kulizuia.

Sasa swali langu. Nilikwambia ukuta umenyamaza, ukadhani ni baada ya kilima. Hapana. Ulinyamaza kabla zawadi yako haijafika, pengo likiwa bado wazi. Nimehesabu nyuma, ni zile siku ulizokuwa ukiichora. Na kaka yako unamjua, hakuwa mtu wa kuacha kugonga kabla hajajibiwa. Mimi hakunisikia, na kwangu ameacha. Niambie kweli, mwanangu. Anagonga kwako?

Baba yako


4 Machi

Baba,

Shikamoo. Msalimie sana Mama. Asante kwa kunisamehe kabla sijaomba.

Ndiyo. Ananigongea tangu siku ile niliyofuta njia. Anagonga chini ya meza yangu ya kuchorea, mchana, wenzangu wakiwa wamekwenda kula. Mbili, kisha anangoja. Mbili, kisha anangoja. Nimebadilishiwa meza, naye amehama. Sijamjibu hata mara moja, Baba. Nikimjibu atajua nipo, na atataka kutoka, na njia nimeifuta mimi.

Nimepewa ruhusa. Nafika Jumamosi na karatasi ya kweli, yenye njia yake. Usiitundike. Mwambie fundi atupeleke ng'ambo ya bonde, mpaka kwenye uzio na si hatua zaidi, na Mama aje atushike nguo kwa nyuma. Wewe uchukue nyundo, umjibu moja. Mimi nitashika karatasi, njia yake ikiwa wazi.

Mwanao