Majibu ya Shangazi Yalikuwa Chumba cha Pili

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie. Mimi ni karani katika ofisi ya kudhibiti magonjwa ya kuambukiza, kitengo cha kifua kikuu, na chumba cha pili ni kitengo cha homa ya ini, kila kitengo kina mkuu wake, daftari lake na ufunguo wake, hatuingiliani, sasa juzi wenzetu walikuwa wanahamia ghorofa ya juu nikaenda kuwasaidia kubeba mafaili, bahasha moja ikapasuka, zikamwagika karatasi kumi na mbili za maabara, majibu ya makohozi ya wagonjwa wao, zote zinaonyesha kifua kikuu, zina miezi minne, na ya tatu niliyookota ni ya shangazi yangu, anayetibiwa ini kwao na analala chumba kimoja na binti yangu wa miaka miwili! Nilipiga ukelele. Nikamuuliza karani wao, "Mbona hamkutuletea?" Akajibu bila hata kuniangalia, "Ya kifua si yetu. Tulingoja mje mchukue." Tungezifuataje na hatukujua zipo? Mkuu wangu anasema ninyamaze mpaka kikao cha mwisho wa mwezi, nikimwambia shangazi nitakuwa nimetoa siri ya mgonjwa na kazi sina. Shangazi anakohoa, anasema ni vumbi, mtoto yuko mapajani mwake. Nifanye nini?

Karani Mwenye Hofu

Karani, mwanangu, barua yako nimeisoma nimesimama, kukaa nimeshindwa. Pole sana. Lakini siku mbili nzima umenyamaza? Tangu lini siri ya mgonjwa ikafichwa mgonjwa mwenyewe?

Sikungoja gazeti litoke, nilikupigia simu saa ile ile kwa namba uliyoiacha baruani: mpeleke shangazi kliniki leo, na mtoto apimwe. Ulikwenda, ahsante. Shangazi ameanza dawa, mtoto hajaugua, amepewa dawa za kinga. Umeniambia shangazi aliuliza swali moja tu: "Ulijua tangu lini?" Mwombe radhi tena, na tena.

Mkuu wako nilikwambia umruke. Ulipomwandikia mkurugenzi wa ofisi yenu kama nilivyokuagiza, wauguzi walitumwa siku hiyo hiyo kuwafuata wagonjwa wengine majumbani. Sasa dai vitengo vyote viwe na daftari moja la kupokelea majibu ya maabara, lisainiwe kila asubuhi.

Jana umenipigia unalia. Kati ya wale kumi na mmoja waliobaki, wauguzi wamewapata tisa. Nyumba ya kumi walipokelewa na mjane, akadhani wamekuja kutoa rambirambi. Wa kumi na moja amehama, hajulikani aliko.

Weka gazeti chini. Kamtafute.