Keki ya Gesare Iliyodidimia

Kapsoit,
Jumapili.

Dada yangu mpendwa Nyamoita,

Nakusalimu sana, wewe na shemeji Bosire na watoto. Mnaendeleaje huko Sotik, na mgongo wako je? Huku kwenye majani chai ni mvua na baridi tu, ila mimi ni mzima. Mzima wa mwili, niseme hivyo.

Utacheka ukisikia kwamba siku hizi naoka keki. Mimi Sagini, niliyekuwa nikiunguza hata uji! Tangu mke wangu Gesare arudi kwa kaka yake huko kwenu, nyumba imekuwa kubwa mno, na nikitoka kuchuma chai hakuna wa kuniuliza mbona nimechelewa. Basi nachukua sufuria yake, naweka makaa chini na mengine juu ya kifuniko, kama alivyofanya.

Unakumbuka mambo yalivyokuwa. Mama pasta alikuja kuonja keki yake ili aamue kama Gesare ndiye angeoka keki ya harusi kanisani. Kumbe katikati imedidimia, nzito, inanata kwenye kisu kama ugali mbichi. Nikacheka mbele ya wageni, nikasema itafaa kuziba ukuta. Kazi akapewa mwingine. Gesare hakuoka tena, na wiki mbili baadaye akaondoka.

Nilitaka kujua kosa lilikuwa wapi. Keki ya kwanza nilitia beking pauda iliyokaa sana. Haikuumuka, lakini iliiva. Ya pili niliyeyusha siagi motoni, maana kwa baridi hii hailainiki, ikajaa mafuta. Ya tatu nilikoroga mpaka mkono ukauma. Ikavutika kama mpira. Jirani yangu Wanjuhi aliniuliza namwokea nani, nikamwambia nina wageni. Sina mgeni, dada. Zote nilizila peke yangu na chai ya rangi.

Hakuna iliyofanana na ile ya Gesare. Jana nikaoka ya nne, kila kitu sawasawa, ila katikati ya kuoka nikaondoa makaa ya juu. Ikatoka kama ile ile, imedidimia katikati.

Dada, hili sijamwambia mtu. Siku ile Gesare alipoenda kuteka maji, niliyatoa yale makaa nikachomea mahindi yangu. Aliporudi nilikuwa nimeyarudisha, yamebaki majivu. Wageni walipoondoka alilia, akaniuliza kama niliyagusa. Nikamwambia sikuyagusa. Keki hizi zote nilikuwa natafuta kosa lingine, lolote lile, mradi lisiwe langu.

Nenda ukamwambie. Usiniombee msamaha wala usimsihi arudi. Hayo nitakuja kuyasema mwenyewe akikubali kuniona, na nina hofu hatakubali. Mwambie tu kwamba mikono yake haikukosea. Aoke, hata kama hatanipikia mimi tena.

Wabusu watoto kwa niaba yangu, na shemeji mpe mkono. Mungu awatunze.

Ni mimi ndugu yako,
Sagini